1HZ ya mwaka 1994 na taa ya oili inayopepesa: ninunue beringi zipi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser pikapu, HZJ75 ya mwaka 1994, injini 1HZ. Niko Mpanda, gari linabeba mahindi na mpunga. Injini ikishapata moto taa ya oili inapepesa nikiwa sailensi, nikikanyaga mafuta inazima. Sasa umeongezeka mlio mzito wa kugonga kwa chini. Fundi wangu ameshusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kufungua konrodi mbili, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki. Beringi zake zina mikwaruzo na zimeanza kutoa rangi ya shaba. Anasema ninunue seti ya standadi ya konrodi tu, afunge, halafu tuweke oili nzito. Dukani nimeonyeshwa aina tatu: za pakiti ya Toyota, za Taiho, na nyingine ambazo bei yake haifiki hata nusu ya hizo. Jirani yangu naye ananiambia niachane na hii injini nichukue ya mtumba kutoka Dubai. Nichague zipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pesa iache mfukoni kwanza. Umeuliza mambo manne kwa mpigo, na hilo la chapa ndilo la mwisho kabisa katika foleni. Anayechagua beringi ni krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, si muuzaji, na kwa maelezo yako hakuna aliyeipima krenki hiyo. Fundi wako ameona beringi zimeisha, hapo yuko sahihi. Alichoruka ni hatua ya katikati.

Mwambie akupe zile beringi alizotoa. Zifute, uzigeuze, usome mgongoni, upande ule wa chuma unaokaa ndani ya konrodi. Utakuta alama zimechorwa au kugongwa: jina au nembo ya mtengenezaji, namba, na mara nyingi saizi. Ikiwa imeandikwa STD, yaani standadi, saizi ya kiwandani, krenki huenda haijawahi kuchongwa. Ikiwa ni 0.25 au 025, au 0.50, basi kuna mtu alishaifumua injini hii kabla yako na shingo za krenki, zile sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi, zilishapunguzwa. Gari lina zaidi ya miaka thelathini, limepita mikono mingi, na hakuna muuzaji wa gari anayekusimulia habari za injini kufumuliwa. Nimeona watu wakifunga STD mpya, safi, za bei mbaya, kwenye krenki iliyokwishachongwa 0.25. Hapo unakuwa umejengea nafasi ya robo milimita nzima juu ya nafasi ya kawaida. Injini inawaka, taa ya oili haizimi, na lawama zote zinakwenda kwa pampu ya oili ambayo haina kosa.

Nikueleze hesabu yenyewe, maana ndiyo inayoamua kila kitu. Beringi ya 0.25 maana yake shingo ya krenki imepunguzwa kipenyo kwa robo milimita, na kila kipande cha beringi kimenenepeshwa kwa nusu ya hiyo, yaani 0.125, kwa kuwa vipande ni viwili, juu na chini. Kati ya shingo na beringi inabaki nafasi ndogo ya oili. Kwa injini za Toyota za rika hili nafasi hiyo ikiwa mpya huwa jirani na 0.04 hadi 0.06 ya milimita, na kikomo kwenye kitabu cha injini ni 0.10. Pata kitabu cha 1HZ, usifanye kazi hii kwa namba za kusimuliwa, hata zangu. Lakini ona jinsi tunavyozungumzia kitu kidogo: unywele wa kichwani una unene wa takriban 0.07. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kupima hapo. Fundi anayeichezesha konrodi kwa mkono na kusema "hii bado iko vizuri" anabahatisha.

Krenki ikizunguka haigusi beringi. Oili inavutwa na mzunguko wenyewe, inajikusanya chini ya shingo na kuibeba. Nafasi ikizidi, oili inavuja pembeni haraka kuliko pampu inavyoleta, presha inashuka, shingo inaanza kugusana na beringi kila silinda inapowaka. Huo ndio mgongano unaousikia. Nafasi ikiwa ndogo mno nayo ni balaa: oili haipiti ya kutosha, joto halitoki, beringi inayeyuka na kushika. Kwa hiyo "ibane kidogo ili idumu" ni ushauri wa kukuulia injini.

Sasa kupima. Kwenye karakana ya uhakika wanatumia maikromita ya nje kwa shingo, na geji ya ndani kwa tundu la konrodi likiwa limefungwa na kukazwa kwa torki, yaani nguvu ya kukaza iliyoandikwa kitabuni. Kila shingo ipimwe sehemu mbili kwa urefu, karibu na kila ukingo, na kila sehemu ipimwe mara mbili kwa kukata msalaba. Hapo unajua mambo mawili: kama shingo imekuwa yai, na kama imelika upande mmoja ikawa kama kaa la mkaa lililochongoka. Toyota inaruhusu tofauti isiyozidi 0.02. Ikipita hapo, hata beringi za dhahabu hazitakusaidia. Krenki inakwenda kuchongwa. Halafu pitisha kucha kwenye shingo, kutoka ukingo hadi ukingo. Kucha ikinasa kwenye mkwaruzo, kupiga msasa mkononi hakutoshi.

Kama huko uliko maikromita ya kuaminika haipatikani, agiza Plastigage. Ni uzi mwembamba wa plastiki laini, unauzwa ndani ya bahasha yenye vipimo vilivyochapishwa. Beringi na shingo vikiwa vikavu, bila tone la oili, unakata kipande cha uzi kwa upana wa shingo, unakilaza kwenye shingo kufuata urefu wa krenki, unafunga kepu, kile kipande cha chini kinachoifunga konrodi, na kukaza kwa torki kamili ya kitabu. Krenki isizungushwe hata kidogo, ukizungusha umeharibu kipimo. Ukifungua, uzi utakuwa umebanika na kutanuka. Unaulinganisha na mistari ya bahasha: ukiwa mpana, nafasi ni ndogo, ukiwa mwembamba, nafasi ni kubwa. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, shingo au konrodi haiko sawa. Plastigage haionyeshi uyai wa shingo vizuri kama maikromita, lakini ni bora mara mia kuliko kukisia, na ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na seti moja ya beringi.

Kuna jambo jingine kuhusu STD ambalo wauza spea wengi hawalisemi. Toyota haitengenezi STD ya aina moja. Kiwandani vipimo vya blok, krenki na konrodi vinatofautiana kwa mikroni chache, kwa hiyo wanaweka namba. Kwenye konrodi tazama kepu yake: utaona namba ndogo iliyogongwa, 1, 2 au 3 na kuendelea, na beringi ya kiwandani inachaguliwa kwa namba hiyo. Kwenye meni, yaani beringi kuu zinazoibeba krenki ndani ya blok, injini nyingi za Toyota zinakutaka ujumlishe namba iliyogongwa kwenye blok na ile ya kwenye krenki, na jawabu ndilo linalokuonyesha namba ya beringi. Ndiyo maana ukienda kwa wakala wa Toyota bila namba hizo utaulizwa namba ipi, na kila silinda inaweza kuhitaji yake. Beringi za watengenezaji wengine kwa kawaida zinakuja STD moja iliyowekwa katikati. Zinafanya kazi, mradi upime baada ya kuziweka. Kama krenki yako bado ni STD na iko ndani ya kipimo, hapo ndipo pakiti ya Toyota inapostahili bei yake, kwa sababu unaweza kulenga namba kamili. Ikishachongwa 0.25, namba hizo zinakufa, na kinachobaki ni ustadi wa mchongaji.

Tuje kwenye hilo la kubadilisha konrodi tu. Oili ikitoka kwenye pampu inapita kwenye filta na kupoozwa, inaingia mfereji mkuu wa blok, inalisha meni kwanza. Kutoka meni inapenya kwenye matundu yaliyochimbwa ndani ya krenki, ndipo inafika kwenye konrodi. Meni zikiwa zimelegea, oili inamwagika hapo na konrodi zinabaki na kiu. Ukifunga konrodi mpya juu ya meni zilizoisha, umetibu mgonjwa wa pili na kumwacha wa kwanza. Fungueni walau meni mbili, ya katikati na ya mwisho upande wa klachi, mpime. Krenki ya 1HZ ina meni saba. Sitegemei hizo ziwe nzuri wakati konrodi zimefika kwenye shaba, lakini acha kipimo kiseme.

Na sasa niombe uvumilivu wako kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela mara mbili. Beringi iliyokufa ni shahidi. Zipange zote mezani kwa mpangilio wa silinda, juu kwa juu, chini kwa chini, kabla mtu hajazitupa kwenye ndoo. Kwenye konrodi, kipande cha juu ndicho kinachobeba mlipuko, kwa hiyo hicho kuisha zaidi ni kawaida. Kwenye meni ni kinyume, cha chini ndicho kinachobeba. Ukiona mambo yamegeuka, jiulize kwa nini.

Mikwaruzo mirefu inayofuata mzunguko, mingi na myembamba, na chembe zilizozama kwenye uso wa beringi: huo ni uchafu. Kwa barabara za vumbi za Katavi nisingeshangaa. Vumbi linaingia kwa njia ya hewa, linapita kwenye ringi za pistoni, linateremka kwenye oili. Kagua bomba la mpira kati ya kisanduku cha filta ya hewa na injini. Likiwa na ufa au kibanio kimelegea, utafunga beringi mpya kila mwaka. Ukiona uso umeng'aa ukingo mmoja tu, upande wa juu kulia na wa chini kushoto, konrodi imepinda. Ukingo mmoja umelika pande zote mbili, juu na chini, kwenye krenki iliyokwishachongwa: mchongaji aliacha kona pana kupita kiasi na beringi imekuwa ikiikalia. Uso mweusi, umepakaa kama nta iliyoyeyuka: ilikosa oili au nafasi ilikuwa ndogo. Vitundu vidogo vya kijivu au vyeusi vilivyotapakaa: ni kutu ya asidi, oili imekaa muda mrefu kupita kiasi au maji ya rejeta yanaingia. Zamani asidi ilikuwa tatizo kubwa zaidi kwa sababu ya salfa ya dizeli. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipohamia dizeli ya salfa 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, hali ni afadhali, ila ya madumu kando ya barabara simsemei mtu.

Jambo moja la mwisho kwenye uchunguzi wa beringi: inuse oili mliyomwaga mliposhusha sampu. Harufu ya dizeli, na kiwango kwenye stiki kilichokuwa kikipanda badala ya kushuka, ni dalili kuwa dizeli inavuja kuingia kwenye sampu, mara nyingi kupitia nozeli inayokojoa au sili ya pampu ya dizeli. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi kama maji na beringi zinakwisha bila kosa lake lolote. Rangi ya shaba uliyoiona nayo inasimulia: beringi zako ni za tabaka tatu. Mgongo wa chuma, juu yake shaba iliyochanganywa na risasi, na juu kabisa tabaka laini la risasi na bati lenye unene wa mikroni kama ishirini hivi. Tabaka hilo limeisha, shaba imejitokeza. Si lazima krenki iwe imekufa. Mara nyingine tabaka linaisha sawasawa na shingo inabaki nzima kabisa, ndiyo maana nakushikilia kwenye kupima.

Kabla hamjaifumua yote, kama sampu imerudishwa na injini bado inawaka, fanyeni kipimo kingine rahisi. Chomoa swichi ya oili, ufunge geji ya presha ya mkono, si ya umeme. Injini ikiwa ya moto, sailensi isipungue kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba, yaani karibu 29 kPa, na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya kilo 2.5 na 6. Ndivyo Toyota inavyotaka kwa dizeli zake nyingi za kipindi hicho. Presha ikiwa nzuri kwenye geji huku taa inapepesa, swichi ndiyo mbovu. Lakini wewe una mlio wa kugonga, kwa hiyo sikupi matumaini hewa. Kwa mlio huo kipimo cha sailensi kinakutosha, usiipige resi.

Sasa turudi dukani. Kwanza taja injini, usitaje gari. Ukisema "beringi za Land Cruiser" unaweza kupewa za 1HD-T, 1PZ, 2H au hata 3B. Herufi za mwanzo za chesisi zinakusaidia: HZJ ni 1HZ, HDJ ni 1HD, PZJ ni 1PZ yenye silinda tano. 1HZ na 1HD-T zote ni silinda sita za ujazo wa cc 4,164 na wauzaji huzichanganya, lakini usikubali kauli ya "zinaingiliana hizo" bila namba ya spea mbele yako. Hiyo 1HD-T ya turbo ndiyo ina sifa mbaya ya konrodi beringi duniani kote. Australia wenye Land Cruiser za HDJ80 huzibadilisha mapema kama matengenezo ya kawaida, injini ikiwa haijalia bado. Ya kwako haina turbo, haipati mzigo huo, na kwa kawaida beringi zake hudumu sana. Zikiisha, kuna sababu nje yake. Ila kama kuna mtu aliongeza turbo juu ya 1HZ, nieleze, maana hapo ningekupeleka kwenye beringi za tabaka tatu bila mjadala.

Kwa injini isiyo na turbo una njia mbili za malighafi. Aluminiamu na bati juu ya chuma, ambazo uso wake ni wa kijivu na hauna tabaka laini la juu. Hizi zinastahimili asidi na kulika taratibu, na zinavumilia miaka. Au za tabaka tatu zenye shaba, ambazo zinabeba mzigo mkubwa zaidi, na lile tabaka laini linazimeza chembe ndogo za uchafu badala ya kuziacha zikwaruze krenki, ingawa likishaisha limeisha. Kwa gari linalobeba magunia kwenye vumbi ningependelea tabaka tatu kwenye konrodi. Kwenye meni sina ugomvi na aluminiamu. Lakini huo ni upendeleo, si sheria. Aliyepima vizuri na kufunga aluminiamu atamzidi aliyefunga tabaka tatu kwa kubahatisha.

Chapa: Taiho ni miongoni mwa wanaoitengenezea Toyota yenyewe beringi, kwa hiyo Taiho halisi haikupunguzii kitu zaidi ya boksi. Daido ya Japani, ACL ya Australia, Glyco ya Ujerumani na King ya Israeli ni majina yenye heshima pia. Tatizo letu ni lile neno "halisi". Boksi linachapishwa kirahisi kuliko beringi. Usinunue kwa boksi, na usidhani kuwa duka kubwa la Kariakoo haliwezi kuuziwa feki kama lile dogo la Mpanda.

Hivi ndivyo ninavyozikagua. Natoa vipande vyote, navipanga juu ya karatasi nyeupe. Rangi ya uso lazima ifanane vyote, isiwe kimoja cheupe na kingine cha moshi. Maandishi ya mgongoni yawe makali, yenye mpangilio mmoja, na saizi ilingane na ya kwenye boksi. Kile kilimi kidogo pembeni kiwe kimekunjwa safi bila mabaki ya chuma. Matundu ya oili yawe yamesafishwa kingo na yalingane na matundu ya konrodi na blok. Ukiona tundu la beringi linafunika nusu ya tundu la blok, hiyo si ya injini yako. Kisha kipimo kinachomuumbua mwongo: unene. Chukua maikromita yenye gololi upande mmoja, au weka gololi ndogo ya beringi unayojua kipenyo chake ndani ya kipande, upime katikati, utoe kipenyo cha gololi. Vipande vya aina moja kwenye seti nzuri havipishani zaidi ya mikroni chache. Seti ya bei chee naipata ikipishana sehemu mbili au tatu za mia ya milimita, yaani nusu ya nafasi yote ya oili imeliwa na uzembe wa kiwandani. Nunua kwa makubaliano ya kurudisha kabla hujazifunga, na mwenye duka akisita, hamia la jirani. Hizo za bei isiyofika nusu, mimi nisingezifunga kwenye gari ninaloliheshimu.

Krenki ikihitaji kuchongwa, usichonge zaidi ya inavyotaka. Kama 0.25 inasafisha, iwe 0.25, anayekwambia "tupige 0.50 moja kwa moja ili tuwe salama" anakula maisha ya krenki yako. Nunua beringi kwanza, mpelekee mchongaji pamoja na krenki na konrodi, achonge kwa kufuata beringi zilizo mkononi, si kwa kufuata namba ya kwenye boksi. Msisitizie kona za mviringo pembeni mwa kila shingo zibaki kama zilivyokuwa. Zikikatwa wima, krenki inavunjika hapo siku ya mzigo. Matundu ya oili yalainishwe kingo, na mifereji ya ndani ioshwe kwa brashi na presha hadi itoke safi. Vumbi la jiwe la kuchongea likibaki humo ndani, beringi mpya haimalizi wiki.

Kwenye kufunga nitapita haraka, fundi wako anajua mengi ya haya. Mgongo wa beringi na sehemu inayokaa viwe vikavu kabisa, uso ndio upakwe oili. Ncha za beringi zinajitokeza kidogo juu ya kepu; hiyo ni makusudi, ndiyo inayoibana isizunguke, na hakuna ruhusa ya kuzipiga tupa. Wala hakuna ruhusa ya kuweka karatasi ya sigara au kipande cha kopo la soda nyuma ya beringi ili "kukaza". Najua inafanyika. Wasa za kuzuia krenki isitembee mbele na nyuma zibadilishwe, mifereji yake itazame krenki, si blok. Kepu zirudi palepale zilipotoka, mshale mbele. Boliti za konrodi zikazwe kwa torki na nyuzi za mzunguko zilizoandikwa kitabuni, zilizovutika zitupwe. Kipoza oili kilicho ubavuni mwa injini kifunguliwe na kuoshwa, kwani vumbi la chuma la beringi za zamani limelala humo likisubiri. Kagua pampu ya oili na vali yake ya presha wakati huohuo. Ukimaliza, chomoa waya wa solenoidi ya kukata dizeli kwenye pampu, zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe waya na kuiwasha.

Kuhusu oili nzito: hapana. Oili ya 50 inainua sindano ya geji na kuzima taa, lakini asubuhi yenye baridi inachelewa kufika kwenye konrodi, na kila uwashapo beringi zinalika kidogo. Injini yenye nafasi sahihi inataka 15W-40 ya dizeli, daraja la CI-4 au juu yake. Imwage mapema, ikifika kilomita 500, ukate filta kwa msumeno na kukunjua karatasi yake uone imebeba nini. Unga wa kung'aa kidogo ni wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho si vya kawaida, simamisha gari.

Imebaki injini ya Dubai. Jirani yako hasemi upuuzi. Krenki yako ikiwa imepasuka, au imepinda, au imeshafika saizi ya mwisho ambayo beringi zake zinapatikana, au blok imetobolewa na konrodi, injini ya mtumba inaweza kuwa nafuu kuliko kuhangaika. Lakini usinunue ukidhani unakwepa kazi hii. Injini hiyo nayo ina umri, haina historia, na imekaa bandarini na kwenye yadi miezi kadhaa bila oili kupita kwenye shingo. Linganisha gharama baada ya kupima krenki yako, si kabla. Na ukiamua kwenda huko, nenda na fundi wako, shusheni sampu palepale dukani, mfungue kepu moja ya konrodi na moja ya meni kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa kufunguliwa sampu, aendelee kukaa nayo.